Ushujaa katika tanzia ya Kifaransa ya karne ya 17

Shujaa wa Pierre Corneille, mtunzi wa tanzia wa Kifaransa, hapimwi kwa idadi ya maadui aliowaua. Kipimo chake ni uamuzi: mtu wa nasaba anatakiwa apoteze kile anachokipenda kuliko uhai, ili jina lake lisichafuke, na tendo lake sharti lijulikane na watu. Hasara ikiwa ndogo, huo si ushujaa. Nao ushujaa wa siri haupo kabisa katika dunia ile.

Mfano ulio wazi zaidi ni tamthilia yake Le Cid, iliyochezwa Paris mwaka 1637. Don Gomès, akimwonea wivu Don Diègue kwa kupewa kazi ya kumlea mwana wa mfalme, anamzaba kofi. Mzee hana tena nguvu za upanga, hivyo anamwachia kisasi mwanawe Rodrigue. Lakini Don Gomès ndiye baba wa Chimène, kipenzi cha Rodrigue. Kijana anabaki jukwaani peke yake na beti 6 za mishororo 10, kila ubeti ukifungwa kwa jina la Chimène. Kina hicho cha mwisho kinasema, kabla Rodrigue mwenyewe hajakiri, kwamba hawezi kumkwepa Chimène.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, wakidhani wajibu unapigana na mapenzi. Fuateni hesabu ya Rodrigue: akilipiza kisasi, Chimène atamchukia, asipolipiza, Chimène atamdharau. Kwa njia zote mbili anampoteza, basi heri ampoteze akiwa na heshima, kwa kuwa heshima hiyo ndiyo aliyoipenda Chimène. Rodrigue anapomuua Don Gomès, Chimène naye anadai kwa mfalme kichwa chake, akimwambia Rodrigue mwenyewe kwamba hana budi kuonyesha kuwa anamstahili. Mapenzi na heshima vimeota shina moja. Mhakiki Paul Bénichou alilieleza jambo hili vizuri katika utafiti wake wa mwaka 1948, Morales du grand siècle, na tangu hapo ni vigumu kurudi kwenye maelezo ya zamani.

Ushujaa huu una hatari yake, na Corneille aliijua. Katika Horace (1640), Mrumi anayerudi na ushindi anamuua dada yake Camille, kwa sababu analia mchumba aliyeuawa na kuilaani Roma. Nia ileile iliyookoa mji imekosa breki. Katika Cinna, Kaisari Augusto anafika mbali zaidi bila upanga: anawasamehe waliopanga kumuua, maana ameitawala nafsi yake.

Kwa Racine, mtunzi wa tanzia aliyemfuata Corneille, nguvu hiyo imeondoka. Phèdre, katika tamthilia yenye jina lake (1677), anaiona aibu ya kumpenda mwana wa mumewe, anaieleza kwa ufasaha wa kutisha, wala hawezi kujizuia. Bénichou aliyaita mabadiliko haya ubomoaji wa shujaa, akiyahusisha na kushindwa kwa mabwana wakubwa katika uasi wa Fronde (1648–1653) na kukua kwa mamlaka ya mfalme.

Corneille mwenyewe aliliona hilo. Katika Suréna (1674), tamthilia yake ya mwisho, jemadari aliyemrudishia mfalme kiti chake anauawa kwa mishale. Anaitaja hatia yake mwenyewe: ana jina kubwa kuliko la mfalme.