Bei moja, bei ya mwisho na bei elekezi unaponunua boti mpya

Matangazo ya boti mpya yamezoea kuandikwa hivi: "Boti ya faiba, futi 23, mashine ya farasi 40, bei moja, maelewano yapo." Maneno hayo hayakai pamoja. Bei moja ni bei iliyopangwa kabla mnunuzi hajafika, na kila anayekuja anatozwa hiyo hiyo, awe mvuvi wa Kilwa, mwenye hoteli Nungwi au shemeji yake muuzaji. Maelewano yakiwepo, bei si moja tena.

Maana yenyewe ni hiyo tu. Tabu ni kwamba neno hili limebebeshwa mambo lisiyoyasema: kwamba bei ni ya chini, kwamba imekamilika, kwamba haitapanda wiki ijayo, na zaidi ya yote kwamba ni sawa na "bei ya mwisho".

Bei ya mwisho huzaliwa ndani ya mapatano. Muuzaji anataja milioni 36, mnunuzi anataja 30, wanavutana, wanaondoa hiki na kuongeza kile, wanasimama 33 na nusu. Hiyo ni ya mwisho kwa mnunuzi yule, siku ile. Mwenzake akija kesho na fedha taslimu anaweza kuondoka kwa 32, na asiyejua kupatana akalipa 35 kwa boti iliyotoka kwenye kalibu ile ile. Bei moja haina safari hiyo. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia "hii ndiyo bei ya mwisho" baada ya kushuka mara mbili, hajageuka kuwa muuzaji wa bei moja. Amekuambia tu kwamba amechoka kushuka, au anataka uamini hivyo.

Tofauti hiyo inaamua utumie nguvu zako wapi. Kwa muuzaji wa mapatano, bei ya kwanza haikuambii thamani ya boti, inakuambia anavyokukadiria wewe. Kwa muuzaji wa bei moja, kukaa saa mbili ukibembeleza ni kupoteza muda wa watu wawili. Kujua yupo upande gani si kazi ngumu: omba profoma yenye tarehe, namba ya modeli na mhuri, kisha mtu mwingine aombe ya boti na mashine zile zile siku hiyo hiyo. Karatasi mbili zikilingana hadi shilingi ya mwisho, dalili ni nzuri kwamba bei ni moja. Zisipolingana, rudi ukapatane.

Bei elekezi nayo inachanganywa humu. Mtengenezaji wa mashine humpa wakala wake orodha ya bei anazopendekeza, lakini kupendekeza si kulazimisha: wakala anaweza kuuza chini yake, na bidhaa ikiadimika anaweza kuuza juu yake. Tena elekezi si kikomo. Bei za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza kila mwezi Tanzania ni kikomo, kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake lakini si juu. Boti na mashine hazina kikomo cha namna hiyo, kwa hiyo ukisikia "hii ni bei ya kampuni, siruhusiwi kushusha", uliza kama ni agizo au ni pendekezo. Hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 1958 inalazimisha kila gari jipya libandikwe kiooni bei ya mtengenezaji, bei ile ni ya kupendekeza tu, na boti hazimo kabisa katika sheria hiyo. Ndiyo maana wafanyabiashara wa boti wa huko huongeza usafirishaji na maandalizi kwa mistari tofauti, kila mmoja kwa kiasi chake. Kampuni ya Tracker imejijengea jina kwa kwenda kinyume: inauza boti, mashine na treila kama kifurushi kwa bei isiyojadiliwa.

Kwa watu wa pwani, kugawa mauzo kwa namna bei inavyopatikana si jambo geni, kwa sababu fikihi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu za kuuza na kununua, ilifanya hivyo karne nyingi kabla ya duka lolote la Ulaya kubandika bei. Neno bei lenyewe limetoka kwenye Kiarabu bay', na huko maana yake ni tendo zima la kuuza, si kiasi cha fedha. Ndani ya tendo hilo mna musawama, ambayo ni kupatana bila muuzaji kulazimika kusema alinunua kwa ngapi. Mna murabaha, ambayo muuzaji anataja gharama yake kwa ukweli na kuongeza faida inayojulikana. Mna tawlia, kuuza kwa gharama ile ile, na wadia, kuuza chini ya gharama. Mahali pazuri pa kuanzia ni kujiuliza boti yako inauzwa kwa ipi kati ya hizi.

Na murabaha si historia tu. Benki zenye huduma za Kiislamu hununua boti au gari kwa utaratibu huo kisha zikamuuzia mteja kwa awamu. Hapa watu wengi hupoteza fedha kwa kudhani kwamba benki imeshika kalamu, basi hakuna cha kupatana. Faida ya benki inahesabiwa juu ya gharama ya kununulia. Kwa hiyo mapatano na wakala wa boti yafanyike mapema, profoma iliyoshuka ndiyo iende benki. Na kama benki yenyewe ikipewa punguzo na muuzaji, punguzo hilo linapaswa kushusha gharama inayotajwa kwenye mkataba wako. Uliza waziwazi, ni haki yako katika mkataba wa namna hiyo.

Bei moja kwa maana ya leo ilikua na maduka makubwa ya karne ya 19, Bon Marché la Paris likiwa mojawapo. Kabla yake, Wakweka wa Uingereza, dhehebu la Kikristo, waliikumbatia kwa sababu ya dini: kutaja bei usiyokusudia kuipokea waliona ni uongo. Maduka makubwa yalikuwa na sababu nyingine, ya utawala. Mwenye duka dogo anaweza kupatana kwa sababu mali ni yake na anajua gharama yake. Mwenye wahudumu mia hawezi kumpa kila mmoja ruhusa hiyo, wengine watauza kwa hasara na wengine watawauzia jamaa zao.

Sababu hiyo inafanya kazi hadi leo. Kwa wakala mkubwa wa mashine, aliyekaa kaunta hana mamlaka ya kushusha, hata akikupenda. Mwenye mamlaka ni meneja wa mauzo, naye hupunguza kwa idadi: mashine tatu, tano, au oda ya kikundi cha wavuvi au BMU, kikundi cha kijamii cha kusimamia uvuvi wa eneo. Kwa fundi mwenye karakana yake, unayezungumza naye ndiye mwenye mali, na mapatano ni lugha ya kawaida. Boti mpya mara nyingi ni vitu viwili kutoka kwa watu hawa wawili, ganda, yaani mwili wa boti, kwa fundi na mashine kwa wakala, kwa hiyo katika ununuzi mmoja unaweza kuwa na bei moja na mapatano kwa pamoja.

Kwenye ganda ndiko penye hatari kubwa, na ndiko tungeomba wanunuzi wasimame zaidi. Boti ya faiba ya kuagiza haipo wakati unapatana bei yake. Ukimbana fundi hadi chini ya gharama bila kuandika vipimo, hatakataa kazi, ataifidia kwenye tabaka. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba ukiondolewa tabaka moja kwenye eneo la mita za mraba 20, ni kilo 9 za mkeka, na kwa kuwa kila kilo ya mkeka hunywa rezini kilo mbili hadi mbili na nusu, ni kilo 20 hivi za rezini ambazo hazikununuliwa. Ganda limepungua unene wa milimita moja hivi, na jicho halioni kitu chini ya rangi ya jelikoti. Anaweza pia kuacha rezini ya isofthaliki, inayostahimili maji zaidi, na kutumia ya kawaida, ambayo baada ya kukaa majini inapata malengelenge mapema zaidi. Au anatia plaiwudi ya dukani kwenye ubao wa tezi, pale mashine inapofungwa, badala ya ile ya baharini. Ubao huo huoza kimyakimya kutoka kwenye matundu ya bolti.

Kwa hiyo vipimo kwanza, bei baadaye. Andika idadi ya tabaka na uzito wa kila mkeka chini ya maji na ubavuni, aina ya rezini, mbao za ndani, unene wa ubao wa tezi. Gawanya malipo: ya awali, ya ganda likitoka kalibuni, na ya mwisho baada ya kujaribu majini. Na mwambie fundi mapema kwamba kipande cha duara kinachotoka anapotoboa tundu la kizibo cha kutolea maji ni chako. Kipande hicho kinaonyesha unene wote na tabaka zake, na fundi anayejua kwamba utakidai hujenga kwa uangalifu zaidi. Bei moja bila vipimo vilivyoandikwa haijafunga chochote: fedha zimesimama, boti ndiyo inayopungua.

Kuhusu ukamilifu, hesabu moja inatosha. Tuseme muuzaji wa bei moja anaandika 28,000,000 bila VAT. VAT ikitozwa kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, inakuwa 33,040,000 (Kenya ni 16). Ongeza kufunga mashine, usukani na nyaya zake 900,000, na kusafirisha 700,000, umefika 34,640,000. Yule wa mapatano aliyefika 33,500,000 kila kitu ndani ni nafuu zaidi, ingawa tangazo lake lilianzia 36. Linganisha mistari ya chini kabisa ya profoma, na hakikisha inataja urefu wa shafti ya mashine. Fupi ni inchi 15, ndefu ni 20. Ubao wa tezi ukiwa wa inchi 20 na umeletewa shafti fupi, propela inavuta hewa, mashine inazunguka bila kusukuma, na mdomo wa maji ya kupoza ukitoka nje ya maji, mashine inaungua kwa joto. Kubadilisha baada ya kufunga ni gharama ambayo hakuna punguzo litakaloirudisha. Gharama za ukaguzi na usajili kwa mamlaka za vyombo vya majini, TASAC kwa Bara, ZMA kwa Zanzibar au KMA kwa Kenya, mara nyingi hazimo kwenye bei ya muuzaji, ya namna yoyote iwayo.

Na bei moja haiahidi kusimama. Imefungwa kwa watu, si kwa wakati. Mashine huagizwa kwa dola, na hata baada ya kanuni za Tanzania za mwaka 2025 kukataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, shilingi iliyoandikwa bado inafuata dola aliyonunulia muagizaji. Kinachoisimamisha ni tarehe ya mwisho wa profoma, na kwa boti ya kuagiza, sentensi inayosema malipo ya awali yanafunga bei ya mashine pia.

Mwenye bei moja bado ana vya kutoa, na kumwomba si kumtukana: propela ya akiba, impela ya pampu ya maji na plagi, tangi la pili, jaketi okozi, huduma ya kwanza (kwa mashine nyingi za viharusi vinne ni baada ya saa 20), na waranti ianze siku boti inaposhushwa majini badala ya siku ya risiti.

Kwa wenzetu wanaoandika matangazo, basi, ombi ni dogo. Kama mko tayari kushuka, andikeni "maelewano yapo" na muishie hapo. Kama hamshuki kwa yeyote, andikeni "bei moja", na chini yake mtaje kama ina VAT, ina mashine, na ni ya hadi tarehe ngapi. "Bei ya mwisho" iacheni kwenye mazungumzo, maana kwenye tangazo bado hakuna aliyeanza kupatana.