Je, wajua kwa nini rapa Drake aliishtaki kampuni inayotoa nyimbo zake, na si Kendrick Lamar, rapa mwenzake aliyemchana kwa wimbo?

Aliyewahi kufika Bujora, pale Kisesa karibu na jiji la Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, ameshaliona bifu katika umbo lake la kale. Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vinavyowataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kuwa waasisi wao, hucheza kwa wakati mmoja, kila manju, yaani kiongozi wa nyimbo, akimkejeli mwenzake kwa wimbo. Watazamaji huhama mbio kutoka duara hili kwenda lile, vumbi likitimka, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kila upande huwa na mganga wake na dawa yake ya mvuto.

Katika rapu, kazi hiyo ya kuvuta watu hufanywa na lebo, yaani kampuni ya muziki. Ndiyo inayogharimia kurekodi na kuusukuma wimbo, na mara nyingi mkataba huifanya rekodi kuwa mali yake, msanii akipata mgawo tu. Katika miaka ya 1990 mgawanyiko ulikuwa wazi: rapa Tupac Shakur alikuwa lebo ya Death Row ya Los Angeles, na hasimu wake, The Notorious B.I.G., alikuwa Bad Boy ya New York. Wote wawili waliuawa kwa risasi, Septemba 1996 na Machi 1997, mmoja akiwa na miaka 25 na mwenzake 24, na hadi leo inauma kuandika hivyo.

Mwaka 2024, Drake na Kendrick Lamar walipochanana, lebo zao, Republic na Interscope, zilikuwa chini ya kampuni moja, Universal Music Group. Ni sawa na mganga mmoja kuwapa dawa Wagika na Wagalu: umati ukienda kokote, yeye hapotezi. Januari 2025 Drake akaishtaki Universal, akidai kuwa iliusukuma wimbo wa Kendrick ikijua kuwa unamchafulia jina kwa uongo. Kampuni ilikana, na Oktoba 2025 jaji wa New York akaitupa kesi, akieleza kuwa katika vita vya maneno vya namna hiyo msikilizaji wa kawaida huyachukua mashairi kuwa maoni, si taarifa za kweli.

Kuhusu mashairi, naona jaji alipatia, kwa maana hata Kisesa hakuna anayeyachukua matusi ya manju kuwa ushahidi. Malalamiko ya Drake juu ya mganga wake, hata hivyo, nayaelewa kabisa.