Bonsai si kabila la mti

Mtu anaingia bustani ya Kijapani, anaona msonobari uliopinda juu ya bwawa, matawi yamepogolewa tabaka kwa tabaka, na papo hapo: "Tazama bonsai ile!" Mti wenyewe unapita paa la nyumba.

Maana tuimalize haraka. Bonsai ni mti wa kawaida unaokuzwa ndani ya chungu kifupi na kutengenezwa umbo kwa mkono, miaka nenda miaka rudi, hadi uonekane mkongwe ingawa ni mdogo. Sanaa hiyo Wajapani waliitoa China.

Kinachonikera ni kudhani kwamba ipo jamii ya miti inayoitwa bonsai. Wapo hata wanaouza "mbegu za bonsai". Fungua pakiti: mbegu za msonobari, au za mti mwingine wowote, na ukizipanda shambani zitarefuka kama ndugu zao. Udogo unaletwa na mkasi. Kila baada ya miaka michache mti hutolewa chunguni, mizizi ikapunguzwa, ukarudishwa kwenye udongo mpya usiotuamisha maji. Machipukizi hukatwa, matawi huzungushiwa waya wa shaba au alumini hadi yazoee mkao. Majani nayo hupungua ukubwa, ila tunda halikubali: mti wa kimo cha goti huning'iniza tunda la saizi yake ya kawaida, ukadhani limebandikwa.

Na wanaosema mti huo unashindishwa njaa? Upo mmoja ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima, familia ya Yamaki ikauzawadia Marekani mwaka 1976, na hadi leo uko Washington, mzima. Njaa gani hiyo ya karne nne?

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko bustani ya Ritsurin, mjini Takamatsu. Mwaka 1833 bwana wa Takamatsu alipewa bonsai ya msonobari na shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, Tokugawa Ienari. Ikatolewa chunguni, ikapandwa ardhini. Sasa ina urefu wa mita 8 hivi, mizizi imetuna na kusokotana juu ya udongo, na huwezi kuamini kwamba iliwahi kubebwa mikononi. Siku ilipotoka chunguni ndiyo siku ilipoacha kuwa bonsai.

Miti iliyopandwa ardhini na kupogolewa namna hiyo huitwa niwaki, yaani miti ya bustani. Ritsurin ina misonobari kama elfu moja inayopogolewa kwa mkono, kazi ya kutoa jasho kuliko chungu chochote. Jina likikutoka, sema "msonobari uliopogolewa", hakuna atakayekulaumu. Bonsai zenyewe uliza zilipo, maana bustani nyingi hazina hata moja. Ukitaka kuzishiba nenda Omiya, kaskazini ya Tokyo, walikohamia wakuzaji baada ya tetemeko la mwaka 1923. Utazikuta zimepangwa juu ya meza. Usizitazame kutoka juu. Inama hadi macho yalingane na shina, tena simama upande wa mbele, kwa kuwa kila bonsai ina mbele yake.