Hii si fainali ya mwaka jana

Tangu Hershey wawatoe Cleveland kwenye mechi ya saba na kukutana tena na Coachella Valley katika fainali ya 2024 ya Kombe la Calder, la mpira wa magongo wa barafuni Marekani, simu yangu haijapumzika. Wanaotuma ni tofauti, ujumbe ni mmoja: "Kocha, fainali ya mwaka jana imejirudia. Hershey wana pointi 111, na Coachella walishafungwa. Uchambuzi wa nini tena?" Wa kwanza nilimjibu kwa upole. Wa pili pia. Wa tano ni mdogo wangu wa Mombasa, ambaye nimekuwa nikitazama naye mchujo huu (mechi za mtoano za kutafuta bingwa) tangu mwanzo, mimi hapa Lancaster, Pennsylvania, jioni, yeye kule saa nane za usiku na sauti ameipunguza ili asiwaamshe watoto. Huyo ndiye aliyenimaliza. Kama hata yeye anasema hivyo, basi tukae chini, tulimalize jambo hili mara moja.

Naelewa linakotoka. Sisi tumelelewa na mpira wa miguu. Yanga ni Yanga, Simba ni Simba, na mchezaji akihama utasikia wiki mbili kabla. Timu ndogo ikifanya vizuri, inapanda daraja. AHL, ligi ya magongo ya barafuni inayolisha ile kubwa, NHL, haiendi hivyo. Timu ziko 32, na kwa kawaida kila moja iko chini ya timu moja ya NHL. Hershey Bears wamo AHL tangu 1938 na hawatapanda popote hata wakichukua Kombe la Calder miaka kumi mfululizo. Huku wanaopanda na kushuka ni watu. Winga wa Washington Capitals, timu mama ya Hershey, akiumia asubuhi, jioni winga wa Hershey yumo ndani ya gari kuelekea Washington, na kocha wa Hershey hakuombwa maoni. Kwa hiyo ukiniambia "timu ile ile," swali langu la kwanza ni: timu ipi? Jezi au watu?

Haya, watu. Fainali ya 2023 ilikwenda mechi saba, na tatu kati ya hizo ziliamuliwa katika muda wa nyongeza. Mechi mbili za mwanzo Coachella Valley walishinda 5-0 na 4-0. Nani alikuwa golini? Joey Daccord. Mechi mbili mfululizo za fainali bila kuruhusu goli, kisha Hershey wakajikusanya, wakashinda tatu mfululizo, wakapoteza ya sita, na ya saba wakatoka nyuma kwa mabao mawili hadi Mike Vecchione akafunga katika muda wa nyongeza. Fainali nzuri sana. Sasa, Daccord yuko wapi? Yuko Seattle Kraken, timu mama ya Coachella. Msimu huu amekuwa kipa wa NHL kabisa, na Januari 1 aliwazuia Vegas 3-0 katika Winter Classic, mechi ya NHL inayochezwa nje, uwanja wa wazi; ni kipa wa kwanza kumaliza mechi hiyo bila kuruhusu goli. Tye Kartye, aliyekuwa chipukizi bora wa AHL mwaka jana, naye yuko Seattle. Upande wa Hershey, Connor McMichael na Beck Malenstyn wamecheza msimu mzima Washington. Hao si watu wa pembeni. Ndio waliokuwa barafuni dakika ngumu zilipofika. Anayeniambia "Coachella walishafungwa" ananiambia kwamba Daccord alifungwa, na Daccord hayupo.

Halafu kuna upande wa pili, ambao watu huusahau zaidi: wanaorudi. Hendrix Lapierre, mshambuliaji wa Hershey, amecheza mechi 51 za NHL msimu huu. Jedwali la Hershey la msimu wa kawaida halimjui vizuri. Capitals walifagiwa na Rangers mechi nne bila, ya mwisho Aprili 28, na kijana akashuka. Hershey walikuwa wamepumzishwa raundi ya kwanza kwa sababu walimaliza juu, kwa hiyo alifika wakati mzuri kabisa, na sasa ni mmoja wa wachezaji wao bora. Seattle hawakufuzu kabisa mchujo wa NHL, kwa hiyo vijana wao walikuwa huru tangu katikati ya Aprili. Ukitaka kutabiri mchujo wa AHL, tazama NHL. Timu mama ikitolewa mapema, mtoto ananenepa. Ikifika mbali, mtoto anakonda.

(Si kila mtu anaweza kushuka. Mchezaji anapaswa kuwa kwenye kikosi cha AHL, angalau kwa karatasi, saa dirisha la uhamisho la NHL linapofungwa mwezi Machi. Ndiyo maana kwa miaka mingi mmeona vijana "wakishushwa" saa nane mchana na "kupandishwa" kabla ya chakula cha usiku bila kufungasha hata mswaki. Tuendelee.)

Sasa hizo pointi 111. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ninapokereka kweli.

Hershey walimaliza na ushindi 53, vipigo 14 ndani ya dakika 60, sufuri katika muda wa nyongeza, 5 kwa mikwaju. Coachella walishinda 46, wakapoteza 15 ndani ya dakika 60, 6 katika muda wa nyongeza, 5 kwa mikwaju. Jumla yao ni pointi 103 (ushindi ni pointi mbili, kupoteza baada ya dakika 60 ni moja). Tofauti ni nane, na watu wanaiona tofauti hiyo kama mlima. Rudi usome tena safu ya vipigo vya dakika 60. Kumi na nne, kumi na tano. Mechi moja! Katika mechi 72, timu hizi mbili zimetofautiana kipigo kimoja katika mchezo wa kawaida wa watano kwa watano (kipa hahesabiwi). Coachella walikwenda zaidi ya dakika 60 wakatoka wamepoteza mara kumi na moja; Hershey mara tano.

Na baada ya dakika 60 katika msimu wa kawaida hutokea nini? Watatu kwa watatu, dakika tano, uwanja mtupu, anayekosea pasi moja ameumaliza mchezo. Kisha mikwaju. Katika mchujo havipo vyote viwili. Mnacheza watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka goli liingie, hata kama ni alfajiri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mlima imejengwa kwa udongo ambao wikiendi hii hautakuwepo uwanjani. Sisemi Hershey ni wadogo. Timu haishindi mara 53 kwa bahati. Nasema kwamba anayeshika 111 mkononi kama shahada, akashindwa kuniambia zilitoka wapi, hajasoma jedwali. Amesoma safu ya mwisho.

Kuna jambo jingine ndani ya nambari hiyo. Hershey na Coachella hawakutani msimu wa kawaida. Wako pande mbili za bara. Hershey walizipata kwa Wilkes-Barre na Lehigh Valley, wenzao walizipata dhidi ya Calgary na Ontario ile ya California. Kuzilinganisha ni kulinganisha mizani mbili ambazo hazijawahi kupima gunia moja.

Makipa, basi. Hii ndiyo kazi yangu, nafundisha watoto kukaa golini siku tatu kwa wiki, na hapa ndipo ninapolazimika kusema ukweli ambao wachambuzi hawapendi kuusema: sijui.

Hunter Shepard wa Hershey ni kipa bora wa ligi msimu huu, tuzo ipo kabatini, na mwaka jana alikuwa mchezaji bora wa mchujo. Msimu mzima aligawana kazi na Clay Stevenson, jambo la kawaida katika ligi ambayo unaweza kucheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Katika mchujo mgawanyo huo huisha. Upande wa pili yupo Chris Driedger, mrefu kuliko Shepard, ameona mengi. Aliumia goti vibaya akiwa na Kanada katika fainali ya dunia ya 2022, na mwaka jana wakati Daccord anang'ara yeye alikuwa bado anarudi taratibu. Nani atakuwa bora? Hebu tupige hesabu. Tuseme mechi sita, mashuti 30 kila mechi. Hayo ni 180. Kipa anayeokoa asilimia 92 ataruhusu mabao 14 au 15. Anayeokoa asilimia 90 ataruhusu 18. Tofauti kati ya kipa anayeimbwa na kipa anayelaumiwa, kwa fainali nzima, haifiki mabao manne. Moja limegonga kiatu cha beki wake, jingine kipa alizibwa na watu watatu, na hadithi nzima imegeuka. Nimekuwa nikiwatazama makipa kwa miaka mingi na sijaona mtu anayeweza kusema Alhamisi kipa atakuwaje Ijumaa.

Mkitaka mfano, Mei 9, 2018, Charlotte. Mechi ya nne, Lehigh Valley Phantoms ugenini. Ilianza saa moja jioni ikaisha baada ya saa saba usiku, katika muda wa tano wa nyongeza, mechi ndefu kuliko zote katika historia ya AHL. Alex Lyon, kipa wa Phantoms aliyekuwa amepandishwa Philadelphia, timu mama yao, majira yale ya baridi kisha akarudi, aliokoa mashuti 94 kati ya 95. Alex Krushelnyski akafunga la ushindi, 2-1. Phantoms wakavuka raundi ile. Raundi iliyofuata, dhidi ya Toronto Marlies, wakafagiwa mechi nne bila. Timu ile ile, mwezi ule ule. Sasa niambie ungeandika nini katika uchambuzi wako kabla ya mechi ya kwanza na Toronto.

Ninachoweza kufanya ni kuangalia miguu. Nikipata nafasi nafika mapema, nasimama nyuma ya kioo kipa anapopasha, na siangalii anachookoa, kwa sababu pale kila mtu anaokoa. Naangalia anavyotoka mlingoti mmoja kwenda wa pili. Je, anasukuma kwa mguu wa nje kwanza, kichwa kikatangulia, au goti limeshaanguka kabla hajafika? Kipa aliyechoka hulala mapema. Goti likigusa barafu nusu sekunde kabla ya puki, kile kisahani cha mpira, kuondoka kwenye gongo, kona ya juu iko wazi, na wachezaji wa kiwango hiki huiona. Watoto wangu wawili, ambao wazazi wao walitoka Kongo na ambao hawakuwahi kuona barafu zaidi ya ile ya friji, sasa wananigusa begani: "Kocha, amelala mapema." Nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mengine kwa haraka. Kanuni ya maendeleo: kati ya wachezaji 18 wasio makipa, 13 lazima wawe vijana kwa hesabu ya mechi za kulipwa, kwa hiyo wakongwe ni watano tu kila usiku, na kila mkongwe akipona jeraha, mkongwe mwingine anakaa jukwaani. Tazameni orodha kabla ya kila mechi. Ratiba: mbili Hershey, tatu California kwa Coachella, na zikibaki mbili zinarudi Hershey. Faida ya nyumbani ipo, lakini mechi tatu mfululizo jangwani ni mtihani, na mwaka jana Hershey walishinda ya saba ugenini, kwa hiyo sitaijengea nyumba hoja hiyo. Dan Bylsma alitangazwa Mei 2024 kuwa kocha mpya wa Seattle huku bado anawaongoza Coachella katika mchujo huu. Wengine wanasema atavurugika. Mimi naona kila kijana wa timu ile anacheza mbele ya mtu atakayempa au kumnyima kazi Septemba. Lakini hilo nalihisi tu, sina cha kulipima.

Uchovu ndio unaonisumbua. Hershey walikuwa mbele 3-0 dhidi ya Cleveland wakalazimishwa mechi ya saba. Coachella waliwamaliza Milwaukee kwa sita. Kuna wanaosema mechi ngumu hukaza misuli, kuna wanaosema hulegeza miguu, na mimi nimeona yote mawili kwa timu zile zile. Nitajua kipindi cha pili cha mechi ya kwanza, nitakapoona mabeki wa Hershey wanageuka mapema au wanachelewa pale Coachella wanaposukuma puki nyuma yao.

Nimeulizwa jina, natoa jina. Hershey, mechi sita au saba. Si kwa sababu ya 111, wala kwa sababu ya 2023. Ni kwa sababu Lapierre na wenzake walioshuka wameongeza safu ya mbele ambayo msimu wa kawaida haikuwa kamili, na kwa sababu Shepard akiumia au akichoka, Stevenson amecheza vya kutosha kuingia bila kuogopa. Wakifungwa, tafadhali msinitumie jedwali.

Mdogo wangu, nimekuwekea kazi: kabla ya saa nane usiku nitumie orodha ya wakongwe watano wa kila upande watakaovaa jezi. Chai chemsha mapema, na dirisha la chumba cha watoto lifunge.