Monopodi ya Kurekebishwa kwa Mkono Mmoja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu akinikuta ufukweni Dunga, Kisumu, nimeisimamisha monopodi yangu, yaani mguu mmoja wa kusimamishia kamera, katikati ya mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, swali lake la kwanza huwa ni kama hiyo ni fimbo ya selfi. La pili huwa ni kwa nini sikununua stendi ya miguu mitatu nikamaliza kazi. Maswali yote mawili ni ya haki, na kwa miaka niliyobeba kifaa hiki nimeona kwamba makosa mengi ya wapiga picha wenzangu wa Nakuru na Kisumu yana chanzo kimoja: wanaihesabu monopodi kuwa stendi ya miguu mitatu iliyopunguzwa bei. Kazi yake hasa ni kuubeba uzito wa kamera ili mikono ibaki na nguvu za kuielekeza. Kuizuia kamera isitikisike bado ni kazi yako, na kifyatuo cha mkono mmoja, yaani wenzo unaobanwa ili kuurefusha au kuufupisha mguu, hakikuondolei jukumu hilo.

Suala la fimbo ya selfi halihitaji maneno mengi. Fimbo hiyo huishikilia simu hewani, mbali na mwili wa anayeishika, ilhali monopodi hukandamizwa ardhini na uzito wote wa kamera huishukia kwa wima.

"Ukiwa na monopodi, picha haitikisiki."

Kamera iliyo mikononi husogea kwa namna kadhaa kwa wakati mmoja: hupanda na kushuka kwa pumzi na uchovu wa mikono, huyumba mbele na nyuma, huyumba kushoto na kulia, na pia hujizungusha kidogo kidogo kama usukani. Mguu mmoja huikomesha ile ya kupanda na kushuka karibu yote, kwa sababu ardhi haiendi popote. Hizo nyingine huzipunguza tu. Ndiyo maana anayeisimamisha monopodi wima mbele yake, miguu yake mwenyewe ikiwa imebanana kama ya askari wa gwaride, hupata picha zisizo na tofauti kubwa na za mtu asiye na kitu. Namna bora ni kuiweka ncha ya monopodi mbele, kuitanua miguu yako, kisha kuegemea kidogo ili miguu yako miwili na huo wa tatu ifanye pembetatu, huku kamera ikigandamizwa kwa upole kwenye paji la uso na viwiko vikishikana na mbavu.

Faida yake inaweza kuhesabiwa. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba, kwa kamera yenye kihisi kikubwa cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 400 ikishikwa mkononi inataka kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuruhusu mwanga, isiyopungua sehemu 1 ya 400 ya sekunde. Kwa monopodi iliyoshikwa vyema, wengi wetu hushuka hatua mbili, yaani hadi 1/200 na kisha 1/100, na picha ikabaki kali. Katika msitu wa Kakamega, ambako majani ya juu huumeza mwanga hata saa sita mchana, hatua hizo mbili ndizo zinazoamua kama utampiga picha mbega au utarudi nyumbani na kivuli chake. Hata hivyo, mbega akikaa juu ya tawi akitafuna majani, 1/100 inamtosha; akiruka, manyoya yake marefu meupe hugeuka kuwa mstari wa maziwa yaliyomwagika. Mguu umeituliza kamera, haukumtuliza mbega. Anayetaka ndege arukaye au mchezaji akimbiaye hana budi kupandisha kasi ya shata, awe na monopodi au asiwe nayo.

"Mkono mmoja maana yake unapiga picha kwa mkono mmoja."

Hii ndiyo dhana inayovunja kamera, nami nitakaa nayo kidogo.

Kwenye kifaa changu, chini kidogo ya kamera kuna mpini wenye wenzo mfano wa breki ya baiskeli. Ukiubana wenzo huo, bomba la ndani huachiliwa, na mguu hurefuka au kufupika. Ukiuachia, springi hukirudisha kibati kinacholikaba bomba hilo, na mguu hukaza papo hapo. Aliyewahi kumtazama fundi wa madirisha akisukuma silikoni kwa bunduki yake ameuona ukabaji wa namna hiyo. Kibati chenye tundu hukaa upande juu ya chuma, na kadiri chuma kinavyosukumwa kurudi nyuma ndivyo kibati kinavyozidi kukiuma. Kwa hiyo uzito wa kamera wenyewe huisaidia kufuli. Lakini dakika ile unapobana wenzo, uzito huo huo hauna tena kinachoushikilia chini yake.

Nililijifunza hilo katika mechi ya shule za sekondari mjini Kisumu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa goli, jicho likiwa kwenye kitazamio, nikataka kupiga goti ili nimpate mlinda lango kutoka chini. Nikabana wenzo kwa mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukiwa na kazi ya kitufe peke yake. Lenzi ya milimita 300 haikungoja ruhusa. Kamera ilishuka ghafla, ukingo wa kitazamio ukanikwaruza pua kutoka juu hadi chini, na mguu ukaishia kujifunga katika urefu wake wa chini kabisa kwa kishindo ambacho hata mlinda lango alikisikia. "Pole, mzee," akaniambia, bila kuondoa macho kwenye mpira. Lenzi ilipona. Kosa lilikuwa langu mwenyewe: nilidhani kwamba mkono mmoja unatosha kwa kila kitu.

Ukweli ni kwamba mkono mmoja unarekebisha urefu, na huo wa pili wakati huo umebeba kamera. Mkono wa kulia unaishika kamera na kuinyanyua kidogo, kiasi cha kuuondolea mguu mzigo. Mkono wa kushoto unabana, mguu unateremka wenyewe hadi ardhini au unasukumwa ndani. Kamera inafika kwenye jicho, wenzo unaachiliwa. Kisha unaigandamiza kamera mara moja kuhakikisha imekaza, na baada ya hapo mkono wa kushoto unarudi juu ya lenzi, ambako uzito wake huituliza zaidi. Yote huchukua sekunde mbili au tatu. Wakati wa kupiga picha yenyewe, mikono yote miwili iko kazini kama kawaida.

Kwa kamera yenye lenzi ndefu, mguu ufungwe kwenye pete ya lenzi, ile yenye kikanyagio cha kufungia mguu, si kwenye kitako cha kamera. Ukiufunga kwenye kamera, uzito wote huning'inia mbele, na unaishia kupigana na kifaa kilichonunuliwa kukusaidia.

"Kikianza kuteleza, kitie oili kidogo."

Ushauri huu nimeusikia kwa watu wenye nia njema kabisa, na kwa bawaba za mlango ningeukubali. Kufuli ya aina hii inashika kwa msuguano, na oili kazi yake ni kuuondoa msuguano. Kutia oili kwenye bomba ni sawa na kupaka sabuni kwenye breki.

Mara nyingi kinachofanya mguu uteleze ni vumbi. Ukanda wa Nakuru una vumbi la aina yake: kiangazi, pembezoni mwa Ziwa Elementaita, upepo hupeperusha unga mweupe wa magadi unaoingia hata ndani ya begi lililofungwa zipu. Unga huo ukilala juu ya bomba na kukutana na jasho la kiganja, hufanya utando mwembamba unaoteleza ukiwa mbichi na kukwaruza ukikauka. Mimi hulivuta bomba lote nje kila jioni, hulipangusa kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, na kulikausha kabla ya kulikunja. Kama nimelitia ziwani, sehemu ya chini huifungua na kuisuuza, kwa maana chumvi za magadi hula alumini polepole.

Nikiwa bado ukingoni mwa ziwa hilo, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: tope la magadi ni laini, na ncha ya mpira iliyo na upana wa sarafu huzama ndani yake wakati umelenga mwari. Unadhani kufuli imeteleza, kumbe ardhi ndiyo imeondoka. Mimi hubeba kifuniko cha ndoo ya rangi, nakilaza juu ya tope na kuisimamisha monopodi hapo. Wenzangu walicheka mwanzoni, na sasa wawili wao wana vifuniko vyao.

"Lazima uzime kitulizaji cha lenzi."

Kitulizaji ni kile kifaa ndani ya lenzi kinachosahihisha mtikisiko, na hapa kanuni ya stendi ya miguu mitatu imehamishiwa mahali pasipo pake. Juu ya miguu mitatu kamera haisogei, na vitulizaji vya baadhi ya lenzi za zamani, vikikosa mtikisiko wa kusahihisha, huanza kutafuta usiokuwapo. Juu ya mguu mmoja kamera bado inayumba, kwa hiyo kitulizaji kina kazi ya kufanya, kiache kiendelee. Ukifuata kitu kinachokwenda kando, kwa mfano mtumbwi unaopita au baiskeli, tumia hali ile inayosahihisha mtikisiko wa juu na chini peke yake, kama lenzi yako inayo.

"Itanifaa ndani ya gari mbugani."

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1968, humtaka mgeni abaki ndani ya gari isipokuwa katika sehemu zilizotengwa, kama vile kwenye mwamba wa kutazamia unaojulikana kwa jina la nyani. Kwa hiyo wengi huinuka kwenye tundu la paa la gari na kuisimamisha monopodi juu ya kiti. Kiti kina springi. Kila abiria anapogeuka kumtazama kifaru, kamera nayo inageuka. Injini ikiwa inanguruma, mtetemo wake hupanda moja kwa moja kupitia mguu. Mwombe dereva azime injini, halafu iache monopodi chini ya kiti na uilaze lenzi juu ya kifuko cha maharagwe kwenye ukingo wa paa. Kilo mbili za maharagwe kutoka sokoni, ndani ya mfuko wa kitambaa kizito ulioshonwa vizuri, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko chuma chochote, na safari ikiisha yanapikwa.

Kuhusu urefu na bei nitasema kwa ufupi. Monopodi inatosha ikiwa inaifikisha kamera kwenye jicho lako ukiwa umesimama, na ziada kidogo kwa ajili ya kusimama juu ya mteremko. Kaboni ni nyepesi kuliko alumini, lakini haiongezi ukali wa picha ambayo mpigaji wake hajui kusimama. Anayepiga picha kwenda juu mitini anahitaji kichwa kinachoinama mbele na nyuma, la sivyo atalazimika kuuegemeza mguu mzima ili kuielekeza lenzi juu. Na vile vijiguu vitatu vidogo vinavyouzwa vya kufunga chini ya monopodi hupunguza kuyumba. Havikupi ruhusa ya kuiacha kamera peke yake ukaenda kununua chai.

"Kifyatuo ni mapambo, kufuli za kawaida zinatosha."

Kwa wengi, ni kweli zinatosha, na sitamwambia mpiga picha wa harusi anayesimama mahali pamoja kanisani kwa saa nzima atumie fedha zake hapa. Monopodi ya kifyatuo huwa nzito kuliko nyingine za urefu wake, na kwa kuwa kwa kawaida ina sehemu chache, ikikunjwa hubaki ndefu, jambo linalokera kwenye bodaboda. Tena sehemu ya chini ya hii yangu bado ina kufuli ya kuzungusha, kwa hiyo kifyatuo hutawala sehemu ya juu tu.

Lakini nimeibeba kwenye mapigano ya mafahali kule Kakamega, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi na ngoma za isukuti zikiwa zimeanza zamani. Hakuna ua pale. Watu huwazunguka mafahali, na duara hilo hupanuka na kusinyaa kadiri wanyama wanavyosukumana. Unapiga goti kuzipata kwato zikichimba udongo, unasimama kuzipata pembe zilizofungamana, unapiga goti tena, na kwa kufuli za kuzungusha ungekuwa bado unahesabu mizunguko. Kisha fahali aliyeshindwa anageuka na kukimbilia upande wako. Nilibana wenzo, nikausukuma mguu ndani kwa kuugonga chini mara moja, nikaikumbatia kamera kifuani na kukimbia pamoja na wengine hadi nyuma ya mti. Mzee mmoja aliyekuwa hapo kabla yangu aliutazama mguu uliofupika, kisha akanitazama mimi. "Kumbe hiyo fimbo yako inajua kukimbia," akasema, nasi tukarudi uwanjani.