Kibano kinavyobana mshipa wa milimita moja

Namba ya juu ya presha ikiwa 120, damu inasukuma ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, kwa nguvu ya gramu 1.6 hivi kwa kila milimita moja ya mraba. Kuizuia isipite hakuhitaji nguvu nyingi. Hata hivyo vibano tunavyotumia kuunganisha mishipa midogo hubana zaidi ya hapo, tena kwa mara kadhaa, kwa sababu mshipa uliokatwa huteleza. Umelowa, umejikunyata, na kila sindano inapopita unavutwa. Kibano kikiulegeza, unachomoka katikati ya kushona na damu inafunika kila kitu chini ya hadubini.

Kwa hiyo kibano kina mipaka miwili. Kikibana kidogo mno, mshipa unachomoka. Kikibana kupita kiasi, utando wa ndani wa mshipa, ambao unene wake ni wa seli moja tu, unapondeka. Chembe za kugandisha damu zinanata pale palipopondeka, donge linaanza kujengeka, na kidole kilichokatika ulichokirudishia kwa saa nyingi kinageuka rangi. Mpaka wa juu tunaofundishwa ni gramu 30 kwa milimita ya mraba.

Julius Jacobson alipoanza kuunganisha mishipa midogo kwa hadubini huko Vermont, Marekani, mwaka 1960, vifaa vyake vingi vilikuwa vya sonara na vya mafundi saa. Kibano kilichofanyiwa hesabu kwa ajili ya kazi hii ni deni letu kwa Robert Acland, Mwingereza aliyekuja kufundisha kwa miaka mingi Louisville, Kentucky. Mwaka 1974 alichapisha maelezo ya kibano chake kipya pamoja na fremu ya kushikilia nyuzi. Mpaka leo vibano vingi vilivyo kwenye trei zetu ni vya ukoo huo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na natamani kila daktari anayejifunza aifanye kwa mkono wake. Mshipa wenye kipenyo cha milimita 1 ukibanwa ukalala bapa, upana wake unakuwa kama milimita 1.6. Tuseme meno ya kibano yana upana wa milimita 1: eneo linalobanwa ni milimita za mraba 1.6. Kibano chenye nguvu ya gramu 40 kitaubana kwa gramu 25 kwa kila milimita ya mraba, na hapo tuko salama. Sasa kichukue kibano hichohicho ukiweke kwenye mshipa wa nusu milimita. Eneo limepungua nusu, nguvu ni ileile, na utando wa ndani sasa unabeba gramu 50. Hakuna utakachoona chini ya hadubini. Mshipa utaonekana mzima kabisa, na madhara utayajua usiku, wodini.

Ndiyo maana vibano huja kwa saizi, na kila saizi ina kipimo cha mshipa wake. Vya vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, huwa na nguvu ndogo kuliko vya ateri. Ukuta wa vena ni mwembamba na presha iliyomo ni ndogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuukaba. Msaidizi akikupa cha ateri kwa ajili ya vena kwa kuwa ndicho kilicho karibu, kirudishe.

Ninachokitumia zaidi ni kibano pacha: viwili vidogo vimepandishwa juu ya kijiti kimoja na vinaweza kusogezwa vikakaribiana. Kila kimoja kinashika ncha moja ya mshipa. Chini yake naweka kipande cha plastiki cha bluu au kijani ili ukuta wa mshipa, ambao karibu unapitisha mwanga, uonekane. Naziondoa zile nyuzinyuzi za tabaka la nje kwenye ncha, maana uzi wake mmoja ukiingia ndani ya tundu unaanzisha donge. Nasafisha ndani kwa maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha nashona kwa nailoni ya 10-0, ambayo unene wake ni kama sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Upande wa mbele ukiisha, nakigeuza kibano chote na ukuta wa nyuma unakuja juu. Fremu, ikiwepo, inashika nyuzi mbili za mwanzo na kulifungua tundu bila mkono wa tatu. Kwenye jeraha lenye kina fremu inaleta usumbufu, hapo napendelea vibano viwili vya peke yake.

Hatari kubwa ya kibano pacha iko kwenye ule msaada wake. Kinasogeza. Ncha mbili zilizo mbali zitakutana ukitaka, utashona vizuri bila shida, na wakati utakapokiondoa ule mvutano wote utahamia kwenye mishono. Majeraha yetu ya Afrika Mashariki yanalizidisha jambo hili, kwa sababu mengi ni ya mashine. Januari 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, walirudishia mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mashine inapokata huchubua na kuvuta mshipa mbali kuliko jicho linavyoona, na kila kipande kilichoumia lazima kikatwe hadi ufike kwenye ukuta mzima. Baada ya hapo urefu hautoshi. Dawa yake ni kufupisha mfupa, au kuchukua kipande cha vena mahali pengine na kukipachika katikati. Kuvuta kwa kibano hakumalizi upungufu huo, na ninawaomba wenzangu wasikubali kushawishika, hata ikiwa ni saa tisa usiku.

Kwa mrija wa mbegu za kiume mambo ni tofauti kidogo. Ukuta wake ni mnene na mgumu, tundu lake halifiki hata nusu milimita mara nyingi, na kibano laini huuachia. Marc Goldstein wa New York alieleza mwaka 1985 kibano pacha chenye vijino vidogo sana vinavyoushika kwa nje bila kuukamua. Wanaume waliofunga uzazi kisha wakabadili nia wamefaidika sana na kazi hii. Ripoti ya Marekani ya mwaka 1991, iliyofuatilia wanaume 1,469, ilionyesha kuwa kwa waliounganishwa tena mirija kabla ya miaka 3 kupita tangu kufunga, mbegu zilionekana tena kwa asilimia 97 na mimba zilipatikana kwa asilimia 76. Ikipita miaka 15 au zaidi, zilishuka hadi 71 na 30.

Utunzaji wa kibano nao una mambo yake. Usikifungue kwa vidole. Tumia koleo lake maalumu, na usikipanue kupita kinavyohitaji, kwa maana springi ikichoka hujui tena unabana kwa gramu ngapi. Meno yatazamwe chini ya hadubini kabla ya kwenda kuchemshwa. Na vihesabiwe kabla ya kufunga jeraha, sawasawa na sindano. Ni vidogo kiasi cha kupotea ndani ya tone la damu.

Katika kuviondoa vibano, naanza na kile cha upande ambako damu inaelekea. Damu kidogo hurudi nyuma kwa presha ndogo, na kama pana tundu kati ya mishono nitaliona kabla ya presha kamili kufika.

Anayetaka kujifunza asisubiri mgonjwa wala panya wa maabara. Nunua paja la kuku buchani, itafute ateri yake kando ya mfupa, weka kibano pacha, shona. Kisha upasue mshipa kwa urefu, uufungue na uangalie mishono kutoka ndani: kama sindano iliushika ukuta wa nyuma, utaona hapohapo.