Kumwambia Msimamizi Si Kuwasilisha Lalamiko

Leo tena. Mwenzetu wa chama cha wafanyakazi kaja kwangu na salari slipu za miezi minne, ovataimu haikulipwa hata mwezi mmoja. Nikamuuliza, uliandika? "Kaka, si nilimwambia msimamizi siku ile ile, na wewe ulikuwepo?" Kweli nilikuwepo. Lakini mkataba wetu wa pamoja, yaani ule wa chama na mwajiri, unataka lalamiko la maandishi ndani ya siku kumi za kazi, na maneno ya mdomo hayasimamishi hesabu hiyo.

Naomba tuelewane hapa, maana ndipo tunapopoteza kesi nzuri. Soma kipengele cha muda katika mkataba wenu, neno kwa neno. Ni siku za kazi au za kalenda? Zinahesabiwa tangu tukio, au tangu mfanyakazi "alipojua au alipopaswa kujua"? Hayo maneno "alipopaswa kujua" yameua madai mengi. Ukishapokea salari slipu, unahesabiwa unajua, hata kama uliikunja ukaitia mfukoni bila kuisoma. Kwa upande mwingine, kosa linalojirudia kila mshahara mara nyingi huhesabiwa kosa jipya kila mara, kwa hiyo mwezi wa mwisho huweza kuokolewa ingawa ya nyuma imepitwa.

Na msimamizi akikaa kimya? Wengi hudhani kimya chake ni ushindi. Kwa mikataba mingi, kimya ni sawa na kukataliwa, na muda wa kupanda ngazi inayofuata umeshaanza kukimbia. Ngazi zenyewe mnazijua: msimamizi, ofisi ya utumishi, uongozi wa juu pamoja na chama, halafu mwamuzi, mtu wa nje anayekata shauri.

Kuandika si kazi kubwa. "Tarehe 4 na tarehe 11 nilifanya kazi kwa muda wa saa 3 baada ya zamu. Nimelipwa kiwango cha kawaida, kinyume na kifungu cha ovataimu na kifungu kingine chochote kinachohusika. Nadai tofauti nilipwe na kifungu kifuatwe." Inatosha. Usijaze kurasa mbili za jinsi bosi anavyokudharau. Inauma, najua, lakini mwamuzi anauliza kifungu gani kimevunjwa. Dharau isiyogusa kifungu wala sheria tutaipeleka kwenye kikao cha chama na uongozi, siyo huku.

Ukipewa amri inayovunja mkataba, kwa kawaida itii kwanza, ulalamike baadaye, isipokuwa inahatarisha maisha. Vitabu huueleza mstari kati ya kutii na kukataa kana kwamba umechorwa kwa rula. Mimi nimesimama karibu na mashine iliyoondolewa kinga, mfanyakazi ananitazama nimwambie aiwashe au aikatae, na sikuuona huo mstari. Nilimwambia akatae. Leo pia ningemwambia hivyo.

Hofu ya kulipiziwa kisasi ni ya kweli. Pendekezo namba 130 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema mfanyakazi awe na haki ya kuwasilisha lalamiko bila kudhurika kwa ajili hiyo. Pendekezo halifungi kama mkataba wa kimataifa, kwa hiyo tafuta kinga hiyo kwenye mkataba wenu na sheria ya nchi yenu. Ukidhurika, andika hilo nalo, kama lalamiko jipya, lenye tarehe zake.

Jambo tunalokwepa kuwaambia wanachama: mara nyingi ni chama kinachoamua kama kesi itafika kwa mwamuzi, siyo wewe. Nimewahi kushauri kesi iachwe kwa sababu ushahidi ulikuwa dhaifu, na mpaka leo sina hakika kama nilimtendea haki yule mama.

Kesi ya mwenzetu tumeiandika mchana huu, ikiwa siku ya nane tangu apate slipu ya mwisho. Miezi mitatu ya nyuma tumeidai pia. Mwajiri atasema imepitwa na wakati, na sina hoja nzito ya kumpinga. Nakala yenye mhuri wa kupokelewa anayo mwenyewe.